Kizibao cha Kuonekana: Kipi Kinamfaa Nani, na kwa Sababu Gani



Hapa Bujumbura jua huzama karibu na saa kumi na mbili jioni mwaka mzima, na machweo yetu hayakawii kama yakawiavyo Ulaya. Dakika ishirini hivi baada ya jua kuzama, giza limekwisha kutanda. Katika dakika hizo, na katika saa mbili zinazofuata, barabara zinazotoka mjini kuelekea kaskazini hujaa watu. Tangu mafuta yalipoadimika, wengi waliozoea kurudi kwa basi sasa hurudi kwa miguu. Mafundi na wasaidizi wao hutoka kwenye majengo mapya ya Carama, wauza mboga hufungasha, walinzi wa usiku, yaani wazamu wetu, huenda kazini wakati wenzao wanarudi, na waendesha baiskeli hupenya katikati ya wote hao. Wengi wamevaa nguo za buluu, nyeusi au kahawia, kwa kuwa ndizo zinazostahimili vumbi.

Tumeombwa mara kadhaa katika mikutano ya mitaa tueleze jambo moja linaloonekana dogo: kile kizibao chenye rangi kali na mistari ya kung'aa, ambacho wengi hapa hukiita jile, kina faida gani hasa, na je, kila kinachouzwa sokoni ni sawa na kingine? Jibu fupi ni kwamba havilingani, na tofauti yake yaweza kuwa tofauti ya kufika nyumbani na kutofika. Jibu refu ndilo tunalolitoa hapa.

Tuanze na hesabu, kwa maana ndiyo kiini cha habari yote. Gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa hupita karibu mita 17 kila sekunde. Dereva aliye macho, asiyelewa na asiyeshika simu, huhitaji sekunde moja na nusu hivi tangu anapoona kitu hadi mguu wake unapoikandamiza breki. Hapo gari limekwisha kula mita 25. Breki zenyewe, ikiwa ni nzima na lami ni kavu, zitahitaji mita nyingine 20 kulisimamisha gari dogo. Jumla ni mita 45. Lori lililojaa au lami iliyoloa mvua vitahitaji zaidi. Sasa, mtu aliyevaa nguo nyeusi usiku, akimulikwa na taa zilizoinamishwa, huonekana kwa dereva akiwa umbali wa takriban mita 30. Msomaji aondoe mwenyewe 30 katika 45. Mtu yule yule akiwa na utepe mzuri wa kuakisi mwanga huonekana kutoka zaidi ya mita 130.

Kosa linalotusumbua zaidi ni la upande wa pili. Mwenda kwa miguu huziona taa za gari kutoka mbali sana, labda nusu kilomita, akadhani kwamba kama yeye ameliona gari, dereva naye amemwona. Sivyo. Taa zinamfikia yeye, lakini nguo yake nyeusi hairudishi chochote kwa dereva. Shati jeupe husaidia kidogo, wala tusilidharau, ila halilingani na utepe.

Kizibao kina vitu viwili vyenye kazi mbili tofauti, na watu wengi huvichanganya. Cha kwanza ni kitambaa chenyewe, chenye rangi ya floresenti: njano inayokaribia kijani, machungwa, au nyekundu kali. Rangi hizi hupokea ile sehemu ya mwanga wa jua ambayo jicho la binadamu haliioni, kisha huirudisha ikiwa mwanga unaoonekana. Ndiyo maana kitambaa hicho huonekana kana kwamba kinawaka chenyewe, hasa asubuhi na mapema, jioni, na siku za mawingu. Lakini usiku hakuna jua, na taa za gari hazina mwanga wa aina ile wa kutosha. Kwa hiyo saa mbili usiku kitambaa cha floresenti ni kitambaa tu.

Kitu cha pili ni ule utepe wa kijivu au wa rangi ya fedha. Ndani yake mna vishanga vya kioo vidogo mno, au vipande vya plastiki vilivyochongwa kwa pembe maalumu, ambavyo huupokea mwanga na kuurudisha kule kule ulikotoka. Macho ya dereva yako karibu na taa za gari lake, basi mwanga huo humrudia yeye. Mtu anayesimama kando ya barabara hauoni mng'ao wowote, na huenda akasema utepe ni mbovu. Mchana utepe huo hauna kazi kubwa.

Kwa kifupi, rangi ni ya mchana na utepe ni wa usiku. Katika nchi yenye machweo mafupi kama yetu, kizibao chenye rangi bila utepe humnunulia mvaaji dakika chache tu kila jioni.

Mavazi haya si ya zamani sana. Mwaka 1964 wafanyakazi wa reli huko Scotland walijaribishwa kuvaa vizibao vya rangi ya machungwa ili madereva wa treni wawaone mapema. Kutoka relini mavazi hayo yalihamia barabarani. Ufaransa ilianza mwaka 2008 kumtaka kila mwenye gari awe na kizibao cha njano ndani ya gari lake, na ndiyo sababu waandamanaji wa huko wa Novemba 2018 hawakuhangaika kutafuta sare: kila mmoja alikuwa nayo tayari. Jirani zetu wa Kenya waliingiza katika sheria yao ya barabara, kwa marekebisho ya mwaka 2012, sharti la mwendesha pikipiki kuvaa kofia ngumu na koti lenye viakisi mwanga.

Sasa tufike kwenye viwango. Vizibao vingi vinavyofika katika maduka yetu vina lebo yenye namba ndani ya shingo au ubavuni, na wanunuzi huikata kwa sababu inawasha. Tunaomba isikatwe kabla ya kusomwa. Namba mbili ndizo muhimu. Ya kwanza ni EN ISO 20471, kiwango cha kimataifa cha mwaka 2013, nacho ni cha kazi za hatari kubwa. Ya pili ni EN 17353, kiwango cha Ulaya cha mwaka 2020, kilichotungwa kwa ajili ya hali za hatari ya wastani. Kilichukua nafasi ya viwango viwili vya zamani, EN 1150 cha mwaka 1999 na EN 13356 cha mwaka 2001. Bidhaa kuukuu zenye namba hizo mbili za zamani bado zaweza kukutwa sokoni.

Je, hatari kubwa na hatari ya wastani hutenganishwa vipi? Wengi hudhani ni suala la kasi ya magari peke yake. Kasi ni nusu ya jibu. Nusu ya pili ni mahali ilipo akili ya mtu. Viwango hivi vinamtofautisha mtu anayeshiriki katika safari ya barabara, mathalani anayetembea au kuendesha baiskeli na macho yake yako njiani, na mtu ambaye akili yake imeshikwa na kazi, mathalani anayechimba mtaro au anayeziba shimo la lami huku ameyapa magari mgongo. Kwa yule wa kwanza, hatari huhesabiwa kuwa ya wastani pale magari yanapokwenda kasi isiyozidi kilomita 60 kwa saa. Kwa yule wa pili, ni ya wastani pale tu magari yanapotambaa, yaani kwa kasi isiyozidi kilomita 15 kwa saa. Zaidi ya hapo, yeye yuko katika hatari kubwa, hata kama barabara inaonekana tulivu.

Chukua mfano wa watu wawili wanaosimama hatua tano tu kutoka kila mmoja. Mzamu anayefungua lango la ua ambamo malori huingia polepole kupakua saruji yuko katika hatari ya wastani. Kijana anayefukua mfereji wa maji nje ya lango hilo hilo, ukingoni mwa barabara ambako magari hupita kwa kilomita 50, yuko katika hatari kubwa, na kizibao kinachomtosha mzamu hakimtoshi yeye.

Kwa kazi za hatari kubwa, kiwango cha 20471 kina madaraja matatu, na hupima ukubwa wa kitambaa na utepe. Daraja la pili, lenye vizibao vingi vya kawaida, hutaka angalau mita ya mraba 0.50 ya kitambaa cha floresenti na 0.13 ya utepe. Daraja la tatu, kwa barabara zenye kasi inayozidi kilomita 60, hutaka 0.80 na 0.20, tena lazima lifunike mikono au miguu pamoja na kiwiliwili. Hivyo kizibao kisicho na mikono hakiwezi peke yake kufika daraja hilo. Utepe usipungue upana wa milimita 50. Msimamizi wa ujenzi wa barabara anayewagawia vibarua wake vizibao vyembamba vyenye mstari wa kidole kimoja amewavika pambo.

Kiwango cha hatari ya wastani, 17353, kina njia nyingine ya kugawa. Hutumia herufi. A ni vazi la mchana, lenye floresenti tu. B ni la gizani, lenye viakisi tu. AB ni la nyakati zote. Tena B ina namba: B1 ni kiakisi kidogo kinachoning'inia, kama vile watu wa Finland wanavyovining'iniza kwenye makoti yao wakati wa giza refu la baridi, B2 ni mikanda ya mikononi na miguuni, B3 ni viakisi vya kiwiliwili, au kiwiliwili pamoja na mikono na miguu. Kiwango hiki pia kinaruhusu rangi nyingi zaidi kuliko kile cha hatari kubwa, hata waridi.

Viwango hivi havikutungwa na Bunge letu, na hapa hatuzungumzii faini. Tunavieleza kwa sababu ndivyo vilivyoandikwa kwenye bidhaa zilizopo, na kwa sababu mtu mwenye fedha za kununua kizibao kimoja kwa miaka mitatu ana haki ya kujua anachokinunua. Kwa wengi wa wasomaji wetu, yaani wazamu, waegesha magari, wazoa taka wa mitaani, wapakiaji na waendesha baiskeli, herufi za kutafuta ni AB.

Kuhusu rangi, tungeongeza neno moja ambalo lebo haitalisema. Katika mashamba ya mpunga ya bonde la Imbo, njano inayokaribia kijani humezwa na mimea iliyo nyuma yake. Huko machungwa huonekana vizuri zaidi. Kwenye barabara ya udongo mwekundu ni kinyume chake.

Jambo ambalo vitabu vya Ulaya havikulifikiria sana ni mizigo yetu. Mama aliyembeba mtoto mgongoni kwa kitenge ameufunika utepe wote wa nyuma, nao ndio unaotazamwa na dereva anayemfuata. Aliyebeba gunia la makaa naye ni hivyo hivyo. Vijana wanaoshuka kutoka Bugarama na mikungu ya ndizi nyuma ya baiskeli wamejificha kabisa nyuma ya mzigo: dereva haoni mtu, haoni baiskeli, anaona kichaka kinachokwenda. Mvua ikinyesha, mtu huvaa koti la plastiki juu ya kizibao, na kizibao kimekwisha kazi yake.

Hapo ndipo mikanda ya B2 inapowafaa watu wetu kuliko kizibao chenyewe. Kifundo cha mguu hakifunikwi na mtoto wala gunia. Tena kina faida nyingine: kinasogea. Jicho la binadamu limezoea mno mwendo wa binadamu mwenzake; taa mbili ndogo zinazopanda na kushuka kwa zamu karibu na ardhi hutambulika mara moja kuwa ni mtu anayetembea, au miguu juu ya pedali, wakati doa moja la mwanga lisilosogea laweza kudhaniwa kuwa kibao cha barabarani. Asiyeweza kununua mikanda anaweza kukata utepe wa suruali ya kazi iliyochakaa, ukiwa bado mzima, akaushona kwenye ukanda wa kitambaa. Na mwenye kubeba ndizi afunge utepe nyuma ya mzigo wenyewe, upande unaotazama magari.

Kuna sababu nyingine inayozifanya barabara zetu kuwa na giza zaidi ya zilivyopaswa, nayo inatuhusu hasa sisi wa mpakani. Burundi na Kongo huendesha upande wa kulia. Tanzania huendesha kushoto. Magari mengi tuliyo nayo yalitengenezwa kwa ajili ya Japani, ambako pia huendeshwa kushoto, yakapitia bandari ya Dar es Salaam hadi kwetu. Usukani si tatizo pekee. Taa za gari la namna hiyo, zikiinamishwa, zimepangwa ziinue mwanga kidogo upande wa kushoto, kwa kuwa huko Japani kushoto ndiko kwenye ukingo wa barabara na waenda kwa miguu. Zikija hapa, mwanga ule ulioinuliwa humwingia machoni dereva anayekuja mbele, na ukingo wa kulia, kwenye watu, hubaki gizani. Mwenye gari la aina hiyo amwombe fundi azirekebishe taa au abadilishe zilizo za upande wetu. Mwenda kwa miguu naye ahesabu kwamba taa nyingi zinazomjia kutoka nyuma hazimmuliki kama ilivyokusudiwa, kwa hiyo atembee upande wa kushoto, akiyatazama magari usoni. Akivuka Kobero kwenda Kabanga, abadilishe: huko atembee kulia. Akumbuke pia kwamba saa za Tanzania ziko mbele kwa saa moja, hivyo giza la huko huingia karibu na saa moja jioni kwa saa yao, na dereva atokaye huko mchana aweza kukosea kukadiria atafikiwa na usiku mahali gani.

Tulipokuwa tukiyaeleza haya kwa waendesha baiskeli wa kubeba abiria, wale tuwaitao wanyonzi, mmoja wao alisimama akasema waziwazi: kizibao kinamwonyesha kwa dereva, lakini kinamwonyesha pia kwa polisi. Wenzake wakacheka, kisha wakanyamaza wakitutazama. Tuliona ni afadhali lijibiwe kuliko lipitwe. Mwezi Machi 2022 baiskeli, pikipiki na bajaji zilikatazwa kuingia katikati ya mji wa Bujumbura, na wapo wanaoona kwamba gizani, bila utepe, ni rahisi kupenya. Katazo hilo linahusu mahali, halihusu vazi. Anayejificha machoni petu kwa nguo nyeusi hujificha wakati huo huo machoni pa lori, na lori halina faini, lina uzito. Tulimwambia pia, na tunalirudia hapa kwa maandishi, kwamba tungependa kumsimamisha akiwa hai na kubishana naye kuliko kupima alama za breki kandoni mwake.

Upande wa pili wa jambo hilo ni kwamba kizibao hakimpi mtu mamlaka. Kinauzwa kwa kila mwenye fedha. Mtu asiye na sare wala kitambulisho, anayesimamisha magari usiku kwa sababu tu amevaa njano, si askari. Dereva mwenye shaka aendelee polepole hadi mahali penye watu au kituo cha polisi kilicho karibu, kisha atoe taarifa.

Lililobaki ni kujaribu kabla ya kununua, na hapa hakuna haja ya maabara. Sokoni kumeingia vizibao ambavyo utepe wake ni kitambaa cha kijivu tu kilichopakwa rangi. Simama hatua kumi kutoka kwenye kizibao, mahali penye kivuli, shika taa ya simu ubavuni mwa jicho lako, si kifuani, kisha mulika. Utepe wa kweli utakuwakia kama jicho la paka. Wa uongo utabaki kijivu. Ukishusha simu hadi kiunoni mng'ao utapungua sana, na hilo nalo ni dalili njema, maana ndivyo utepe wa kweli unavyofanya kazi.

Kisha kitunzwe. Vumbi la makaa na la saruji huua rangi na utepe kwa pamoja. Kifuliwe kwa sabuni ya kawaida na maji yasiyochemka, utepe usisuguliwe kwa brashi, usipigwe pasi, wala kizibao kisitiwe dawa ya kung'arisha nguo. Lebo ya mtengenezaji hutaja mara ngapi kinaweza kufuliwa kabla ya kushuka kiwango. Kianikwe kivulini, kwa kuwa jua lile lile linaloiwasha rangi ndilo linaloipausha.

Baada ya kuandika makala haya tulitoka nje jioni, tukavitundika vizibao vyetu wenyewe kwenye ua na kuvimulika kwa njia tuliyoieleza. Sare yetu ya buluu, bila kizibao, haikuonekana kabisa. Vizibao viliwaka isipokuwa kimoja, ambacho mwenzetu alikuwa akikifua kwa dawa ya kung'arisha ili kipendeze mbele ya wakubwa. Kilikuwa kisafi kuliko vyote. Tumekiondoa kazini.